Earth Defense Force 2017 na bei yake
Je, Earth Defense Force 2017, mchezo wa video wa kuilinda dunia dhidi ya siafu wakubwa, una thamani ya bei yake? Ndiyo, hasa kama utacheza na mwenzako. Ulipotoka Marekani mwaka 2007 uliuzwa takriban dola 40, wakati michezo mikubwa ya mashine ya michezo ya Xbox 360 ilikuwa dola 60, na kasoro zake zinaonekana mapema: picha huanza kukwama makombora yanapolipuka mengi kwa pamoja, majengo marefu huporomoka kwa kombora moja tu, na vifaru vyake vya kivita ni vigumu kuviongoza. Hata hivyo, una misheni zaidi ya 50, viwango vitano vya ugumu na silaha zaidi ya 150, ambazo huzipati kwa kununua bali kwa kuokota masanduku wanayoangusha siafu wakubwa kama mabasi. Kwa kuwa misheni hufungwa mara adui wa mwisho anapokufa, wachezaji wengi humwacha siafu mmoja hai, mchezaji mmoja akimkimbia huku mwenzake akizunguka kuokota masanduku ya kuongeza uhai, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Nimeucheza hadi mwisho pamoja na ndugu yangu na ninausifu kwa moyo wote. Zingatia tu kwamba toleo hilo la Xbox 360 halichezwi na mtu wa mbali kupitia intaneti. Mnahitaji kuketi wawili mbele ya skrini moja iliyogawanywa. Ukiwa peke yako, subiri punguzo, kwa sababu misheni za katikati hujirudia.