Vinundu vya mama vimenifuata, na mtoto je?

SWALI: Dokta shikamoo, niko Urambo mkoani Tabora. Mama yangu ana vinundu laini mwili mzima, babu naye alikuwa navyo, mimi vimeanza kunitoka nilipobeba mimba. Saivi mwanangu wa miaka 4 ana mabaka 8 ya kahawia mgongoni na tumboni. Mama mkwe anasema ni mkono wa mtu na anataka vinundu vyangu vifungwe uzi vikatike. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada. Uzi hapana kabisa, mana vile vinundu vina neva na mishipa ya damu, utaishia kutoka damu na kupata kidonda bure. Na hakuna aliyekuroga. Kwa unavoeleza inaelekea ni nyurofibromatosisi aina ya kwanza, ugonjwa wa kurithi unaompata karibu mtu 1 kati ya 3,000, hauambukizi hata mkilala kitanda kimoja. Hitilafu iko kwenye kinasaba (maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) cha kromosomu ya 17, mzazi akiwa nao basi kila mimba nafasi ya mtoto kuurithi ni nusu kwa nusu, na wapo wengi tu wanaupata bila mzazi yeyote kuwa nao. Mimba huwa inavizidisha, hata balehe pia.

Kinachoniuma ni watu kuhangaika na ngozi tu wakati hatari iko ndani. Mtoto anaweza kuota uvimbe kwenye neva ya jicho, mara nyingi kabla ya miaka 7, na mtoto mdogo hawezi kukwambia haoni vizuri, kwa hiyo macho yake yapimwe kila mwaka, na waangalie kama uti wa mgongo au mguu chini ya goti unapinda, na akianza shule akiwa mzito kushika masomo usimchape, ugonjwa wenyewe unachangia.

Wewe na mama pimeni presha. Mshipa wa figo ukibana inapanda, na kama inakuja na kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio basi inawezekana kuna uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo, kwa hiyo usichukue tu vidonge vya presha, mwonyeshe daktari na vinundu. Saratani ya matiti nayo huwahi kwa wanawake wenye ugonjwa huu, anza kucheki ukifika miaka 30. Kinundu kikikua haraka, kikawa kigumu au kikauma usiku, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Nendeni hospitali ya Kitete pale Tabora wote watatu kwa pamoja daktari awaone, vipimo vikubwa vikihitajika waombe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Na ukishika mimba nyingine waambie kliniki mapema.