Kimeo msikiguse, mchungulieni koo kwanza

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 8. Juzi alirudi shule akilia koo, usiku homa ikapanda, hata uji hataki kumeza. Hakohoi, mafua hana. Bibi yake anasema ni kimeo, kikatwe. Duka la dawa wametuuzia amoksilini ya siku 3. Nifuate lipi?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Pole na uuguzi. Kimeo msikiguse, nakuomba sana. Kinavimba kwa sababu koo zima limevimba. Chenyewe hakina kosa. Nimepokea watoto waliokatwa kimeo, damu haikatiki, tunahangaika kuwaongezea nyingine. Msalimie bibi, mwambie nasema hivi kwa heshima zote.

Mpeleke mtoto mlangoni kwenye mwanga, mwambie aachame aseme "aaa". Tazama mafindofindo, zile nyama mbili za pembeni. Je, yamevimba, mekundu, yana madoa meupe kama maziwa yaliyoganda? Kisha mpapase shingo chini ya taya. Ukikuta vitezi kama punje za maharage, na akiruka ukivigusa, basi pamoja na homa hiyo ya ghafla isiyo na kikohozi, nashuku bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Hupenda watoto wa miaka 5 hadi 15, huruka kwa matone ya mate na chafya, na dalili huanza siku 2 hadi 5 baada ya kuambukizwa. Angekuwa na mafua na sauti imekauka, ningesema ni virusi, na amoksilini isingemsaidia kitu.

Ila macho hudanganya, hata yangu. Mpeleke kituo cha afya. Wakiwa na kipimo, watapitisha kijiti cha pamba kwenye mafindofindo. Cha haraka hutoa jibu kwa dakika chache, kuotesha vimelea maabara huchukua siku moja au mbili. Kisipokuwepo, tabibu ataamua kwa dalili hizohizo.

Ikiwa ni streptokoka, siku 3 hazitoshi. Amoksilini ni siku 10, hata akiamka siku ya tatu anaruka kamba. Au achomwe sindano moja ya benzathini penisilini. Waambie kama penisilini iliwahi kumdhuru.

Nakazia hapa kwa sababu ya binti mmoja wa miaka 11 niliyemtibu. Koo lilipoa, dawa zikaachwa. Wiki 3 baadaye goti likavimba, kisha kifundo cha mguu. Nyumbani wakadhani ni michezo. Nilipomsikiliza moyo kwa kipimo nikasikia mvumo: vali ya moyo, yaani mlango wa kupitishia damu, ilikuwa inavujisha damu. Streptokoka asiyetibiwa kikamilifu anaweza kuleta ugonjwa wa viungo na moyo. Sasa anachomwa penisilini kila baada ya wiki 4, kwa miaka.

Shule asubiri saa 24 tangu aanze dawa, na kikombe chake kiwe chake peke yake. Akianza kutokwa udenda kwa kushindwa kumeza mate, au akipumua kwa shida, msisubiri kukuche.