Ukitafuta barakoa za Zama za Kati, muulize aliyezipiga marufuku

Aibu yangu naitoa mwanzoni. Miaka kadhaa nyuma kikundi kimoja cha maigizo kiliniomba kurasa mbili kuhusu barakoa za Ulaya ya Zama za Kati, wapate kushona mavazi ya mchezo wao. Nikaingia mtandaoni, nikakutana na ile picha ambayo bila shaka nawe umeiona: daktari wa tauni, joho refu na mdomo mrefu kama wa korongo. Nikaandika kwa kujiamini kwamba ndivyo matabibu walivyovaa Kifo Cheusi, ile tauni kubwa, kilipoifagia Ulaya, 1347 hadi 1351. Fundi ameshaanza kukata mdomo kwenye boksi, mwalimu mmoja mstaafu akaniuliza, "Picha hiyo ilichorwa mwaka gani?"

Kumbe ni ya 1656. Vazi lenyewe linahusishwa na Charles de Lorme, tabibu wa Ufaransa, mwaka 1619, yaani zaidi ya miaka 250 baada ya tauni ile. Boksi likaenda jalalani, nami nikaanza upya.

Tatizo ni kwamba barakoa zenyewe hazikudumu. Zilikuwa za ngozi, kitambaa, karatasi na gundi. Sherehe ikiisha, nazo zimekwisha. Zile za sufu zilizoopolewa bandarini Hedeby, kaskazini mwa Ujerumani ya leo, zenye sura za wanyama, zilisalimika kwa sababu zilikuwa zimegeuzwa matambara ya kupakia lami merikebu! Kwa hiyo usisubiri kuziona. Watafute watu wawili walioandika habari zake: aliyezikataza na aliyezilipia.

Mkatazaji anapatikana kirahisi. Venice, mwaka 1268, sheria iliwazuia waliovaa barakoa kucheza mchezo wa kurushiana mayai. London, Krismasi ya 1418, wakazi walikatazwa kutembea usiku na ndevu za bandia na nyuso za rangi. Na mwaka 1445 wanazuoni wa dini wa Paris waliandika barua kali kuhusu Sikukuu ya Wapumbavu, sherehe ya makasisi ya kufanya mzaha kanisani: makasisi wamevaa sura za kutisha wakati wa ibada, wanakula soseji za damu pembeni mwa altare huku misa inaendelea, na dadu zinachezwa hapo hapo. Barua hiyo ni tamu kuisoma, lakini usiimeze nzima. Mwenye hasira huongeza chumvi. Mimi huchukua ninachokihitaji, kwamba barakoa ziliingia kanisani, na mengine nayaweka kando hadi nipate shahidi wa pili.

Mlipaji ndiye kipenzi changu, kwa kuwa hana hasira wala mahubiri, anahesabu tu. Vitabu vya matumizi ya Mfalme Edward III wa Uingereza vinaorodhesha mavazi ya Krismasi ya 1347 huko Guildford: barakoa 14 za sura za wanawake, 14 za sura za wanaume wenye ndevu, vichwa 14 vya malaika vya fedha, vichwa vya joka 14, vya tausi 14, vya bata maji 14. Kila kitu kumi na nne! Hapo hapo unawaona wachezaji wakiingia ukumbini kwa makundi yanayofanana. Sura ya korongo haimo, na tauni ilikuwa mlangoni: iliingia Uingereza mwaka uliofuata.

Kwa picha, fungua hati ya Bodley 264, kitabu kilichoandikwa kwa mkono, ya maktaba ya Bodleian, Oxford, iliyopambwa kati ya 1338 na 1344. Inatazamwa bure mtandaoni. Achana na michoro mikubwa, kuza pembezoni, utawaona watu wenye vichwa vya wanyama wakicheza na miguu yao ya kibinadamu chini.

Halafu maneno. Kwenye Kilatini tafuta *larva*, neno lililobeba mzuka na barakoa kwa pamoja. Kwetu nako pana mtego: kabla ya korona, barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa Oman na Zanzibar, na kinyago wengi hukiona ni cha kuchongwa. Mimi nimeamua barakoa iwe ya usoni tu, na kinachofunika kichwa chote nakiita kichwa cha bandia. Chagua lako mapema, usije ukabadilisha katikati ya kurasa kama nilivyofanya.

Kikundi kile mwishowe kilichagua wanaume wenye ndevu. Fundi akataka kuzitengeneza kwa katani, nikamsimulia Paris, tarehe 28 Januari 1393: Mfalme Charles VI wa Ufaransa na wenzake watano walicheza kama watu wa mwituni, nguo zimeloweshwa utomvu na kubandikwa nyuzi za kitani. Mwenge ukasogezwa karibu. Wanne walikufa, mfalme aliokolewa na sketi ya shangazi yake, mke wa mtawala wa Berry, aliyemfunika nayo.

Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akauliza jukwaani kutakuwa na mishumaa mingapi.