Nyambura, kuhusu kuomba ukitoka kazini

Mami, meseji yako ya juzi usiku niliiona, hiyo ya kuniuliza uombe vipi ukitoka kliniki, maana ukifunga macho tu unaanza kuona vile vitu wasichana wamekusimulia mchana. Nilianza kujibu kwa simu nikafuta, mamako akasema niandike barua kama zamani.

Unakumbuka mapazia ya nyumba yetu ya Buruburu, vile yalikuwa yanafungwa mchana? Wewe na kakako mlikuwa mnaambia watoto wa plot baba yenu hapendi jua. Sasa wewe ni kaunsela, wacha nikwambie. Siku ya lile bomu la ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, 7 Agosti 1998, mimi sikuwa tao, nilikuwa Thika kwa mazishi, hata moshi sikuona. Wodini niliingia kesho yake na kola yangu na Biblia, na kitanda baada ya kitanda watu wamefungwa bandeji machoni, na karibu wote wananiambia kitu kimoja: pasta, tuliskia mlio wa kwanza tukaenda dirishani kuangalia, halafu ndio ule mkubwa ukaja na vioo vyote. Hapa Nairobi walikufa watu 213, majina yao yako ukutani pale Memorial Park, lakini mimi waliobaki na mimi usiku ni hao wa dirishani. Kufika Novemba siwezi kusimama karibu na kioo, kanisani nakaa nyuma ya nguzo, nyumbani mapazia yanafungwa saa nne asubuhi. Na mimi sikuwa kwa dirisha lolote! Hofu ya watu wengine ilihamia kwangu na vyombo vyake vyote kama mpangaji.

Baadaye sana ndio nikajua hii kitu ilishaandikwa. Wamarekani wawili, McCann na Pearlman, tangu 1990 walisema picha za anayesimulia zinaingia kwa kumbukumbu za anayesikiliza, na vile alikuwa anaona dunia, kama ni salama, kama watu ni wa kuaminika, inaanza kugeuka. Miaka nane kabla ya bomu! Sisi wachungaji wa hospitali hakuna aliyetuambia.

Nilienda kwa mkubwa wangu kanisani, jina lake nitazikwa nalo, nikamwambia silali na chakula hakishuki. Yeye anakunywa chai. Akaniuliza, mara ya mwisho ulifunga lini? Kufunga, mami! Mtu ambaye tayari hali! Akasema imani imepungua, akaniombea huku jicho moja liko kwa saa ya ukutani. Mpaka leo akitokea kwa TV natafuta rimoti. Ni mzee sasa, pengine hakujua la kusema, pengine na yeye alikuwa anaogopa... hapana, alijua vizuri.

Aliyeniokoa ni mzee wa mochari. Nilikuwa nasimama na familia zikitambua watu wao, na saa ya lanchi huyo mzee ananawa hadi kwa viwiko, anasugua vidole na nusu limau kutoa ile harufu ya dawa, ananishika mkono hadi kibandani nje ya geti. Ugali matumbo. Hasemi kitu mpaka nimeze. Halafu anauliza, leo ni nani amekulemea? Namwambia mmoja, na yeye ananiambia wake mmoja, tukimaliza anasema, haya, hao sasa ni wa Mungu, maliza soda. Hakuwahi hata kutaja imani yangu, na kanisani sikuwahi kumwona.

Ndio maana nasema vile nimesema mpaka mnanicheka: malaika hakumhubiria Eliya. Soma tena 1 Wafalme 19. Mtu wa Mungu amechoka, anaomba afe, amelala chini ya mretemu, na malaika anamgusa anamwambia inuka, ule. Akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Mungu kuongea na yeye ilikuja siku 40 baadaye, huko Horebu.

Sasa usiambie shangazi zako nadharau maombi. Niliomba. Kuna usiku najiuliza kama ningeomba zaidi mapazia yangefunguka mapema, lakini si ni wewe ulinisomea ile ya Pargament, yule mwanasaikolojia wa mambo ya dini, kwamba mtu akiamini Mungu anamwadhibu ama amemwacha ndio anazidi kuumia? Basi huyo mkubwa wangu alikuwa ananipa ugonjwa akidhani ni dawa. Mimi nilikuwa nasoma Zaburi 88, hiyo inayoishia gizani bila haleluya yoyote, naisoma kwa sauti nikitembea kuelekea steji, macho wazi, kwani nani alisema lazima ufunge macho? Lakini nilikuwa nimekula. Malaika hakumhubiria Eliya.

Kuhusu kuacha hiyo kazi, hukuuliza, na mamako amenikataza kusema. Nina maoni, unajua nina maoni. Ila kaka yako akisema wewe ni mlaini usimskize, mlaini hangemaliza hata wiki moja kwa hicho chumba. Niambie tu kitu kimoja: hiyo ofisi yenu imekupatia supavaisa wa kukaa na wewe kila wiki, ama bado ni ile ya kuwapeleka Naivasha mara moja kwa mwaka, mnapewa tisheti na dibrifingi, kile kikao cha kuongea mliyoyasikia, ya asubuhi moja? Nijibu hiyo kwanza, kabla sijasema kile nimekatazwa.

Babako