Usipanue tundu la hewa kabla hujaziba mianya

Ukijenga ndege yako mwenyewe, halafu kwenye safari za mwanzo geji ya joto la silinda ikawa inapanda kila unapopaa, mkono utakuwasha kushika msumeno upanue matundu ya mbele ya boneti. Subiri. Kinachosukuma hewa kwenye mapezi ya silinda, yale mabapa membamba ya kupoozea, ni tofauti ya presha: juu ya injini iwe kubwa, chini iwe ndogo. Juu kukivuja, tundu pana litakuongezea ukinzani angani na joto litabaki palepale.

Kwa hiyo anza na mianya. Usiku, funga boneti, weka tochi kali ndani kwa chini, zima taa za banda, kisha chungulia kupitia matundu ya mbele. Panapopenya mwanga pembeni mwa mabati ya kuongozea hewa, hewa nayo inapenya. Mapezi yenyewe lazima yaonyeshe mwanga, hiyo ndiyo njia ya hewa; pembe za mabati na matundu ya nyaya ndiyo ya kuziba kwa silikoni inayostahimili joto. Baada ya kuruka mara chache, fungua boneti uangalie upande wake wa ndani. Raba ya ukingoni mwa mabati, inayoziba mwanya kati yake na boneti, ikikaa vizuri huacha alama nyeusi mfululizo, na alama ikikatika ujue hapo raba haigusi. Raba ikunjwe kuelekea ndani, kwenye presha, ili hewa yenyewe iikandamize kwenye boneti. Wengi huikunja kinyume, hasa kwenye kona za nyuma, na ikipeperuka kosa si la raba.

Ukitaka namba, geji ya mwendo wa ndege ya akiba inatosha, kwani kazi yake ni kupima tofauti ya presha. Mrija mmoja juu ya silinda, mwingine chini. Ncha zizibwe na mirija itobolewe vitundu ubavuni, la sivyo utapima upepo unaoigonga.

Silinda moja ikiwa moto kuliko wenzake, usiguse boneti kabisa. Kwenye injini ya Lycoming ya silinda 4, tazama nyuma ya silinda ya 3: mapezi pale ni mafupi na bati likibana sana hewa haina pa kupita, basi liachie nafasi kidogo. Tazama pia mabaki ya kalibu, vyuma vilivyosalia silinda ilipomiminwa, kati ya mapezi. Yanaondolewa kwa tupa nyembamba, taratibu.

Halafu tundu la kutokea, ambalo hudharauliwa. Hewa ikipata moto hutanuka, kwa hiyo inahitaji nafasi kubwa kuliko ilipoingilia, na kona kali pale chini ya bati la kuzuia moto, lile linalotenga injini na chumba cha rubani, huivuruga, iviringe. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, uandike na joto la nje. Lycoming huweka kikomo cha nyuzi 260 za Selsiasi, lakini wajenzi wengi hupenda kubaki karibu na 200. Na kama injini ni mpya, ringi za pistoni bado hazijakaa, joto la saa za mwanzo lisikufanye ukate kitu.