Kwa nini bado ninanunua majarida ya karatasi

Ndugu uliyeuliza kwa nini mtu mwenye simu alipie jarida la picha za nyumba na vyakula, lisilo hata na habari za wiki hii, nitakujibu kama mtu ambaye kazi yake ni kupanga kurasa hapa Kisumu, kwa kuwa swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuta katika rundo la vitabu vya mitumba nakala ya Kinfolk, jarida lililoanzishwa Portland, Marekani, mwaka 2011. Nilikuwa nimezoea majarida ya kung'aa, ambamo tangazo la sabuni limebanana na ushauri wa ndoa. Hili halikung'aa. Karatasi yake ilikuwa kavu mkononi, wino umezama ndani yake, na ukurasa mmoja ulibeba picha ya bakuli isiyozidi kiganja, pande zote ikizungukwa na weupe mtupu. Nilitulia na ukurasa ule kuliko ninavyotulia na picha mia moja kwenye simu. Kila sehemu ya karatasi imelipiwa, na mhariri anayekubali kuiacha tupu, wakati angeweza kuiuza kwa mwenye tangazo, amempa msomaji mahali pa kupumzisha macho. Mvuto wa majarida haya, kwa maoni yangu, umo hasa katika yale yaliyoachwa.

Hata hivyo, Kinfolk imeigwa mno, na zile meza za mbao zenye kikombe kimoja zimenichosha. Ninalipenda zaidi Apartamento la Barcelona, lililoanza mwaka 2008, kwa sababu huonyesha nyumba jinsi wenyewe wanavyoishi ndani yake, bila kuzipamba kwanza kwa ajili ya mpiga picha. Wala tusidhani kwamba uhuru wa namna hii ni wa ugenini: Kwani?, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2003 na mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, lilikuwa jarida la fasihi, lakini lilichanganya hadithi, picha, vibonzo na Sheng bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mimi na wenzangu wawili tulipotoa la kwetu, la kurasa 48 zilizobanwa kwa pini mbili mgongoni, ndipo nilipojua jinsi uzuri ule unavyotegemea mambo madogo. Karatasi zikikunjwa pamoja, za ndani husukumwa nje kidogo kuliko za juu. Kisu cha mashine kinaponyoosha ukingo, hizo za katikati ndizo zinazokatwa zaidi. Hatukuwa tumeliwazia hilo, na nambari za kurasa za katikati zikatoka zimeliwa nusu. Mchapaji alituambia kwamba hakuna atakayeona. Mimi niliona katika kila nakala, na iliniuma kweli.

Katika toleo la pili tuliyavuta maandishi kuelekea kwenye mkunjo, hatua kwa hatua, kadiri kurasa zilivyokaribia katikati, na tukachagua karatasi isiyong'aa ya gramu 120 kwa mita ya mraba. Picha yetu kuu ilikuwa ya omena, yaani dagaa, walioanikwa kwenye nyavu huko Dunga, ufuko wa wavuvi hapa Kisumu. Kwa kuwa wino hutanuka ndani ya karatasi ya aina hiyo na kutia giza, niliipunguza giza picha mara tatu, nikichapa vipande vya majaribio, mpaka kila samaki akajitenga na mwenzake na nyuzi za wavu zikahesabika. Tuliipa kurasa mbili nzima, bila neno hata moja juu yake.

Nakala ya kwanza nilimpelekea mama mwenye omena hao. Alifuta mikono kwenye leso, akapitisha kidole gumba polepole juu ya picha kama anayetazama iwapo wamekauka, kisha akaniuliza kama ninayo nyingine ya kumpelekea dada yake Homa Bay.