Njia ya futi 8 na gari la zimamoto

Swali: Salaam, mwalimu. Sisi ndugu wanne tumeachiwa na marehemu mzee shamba la futi 200 kwa 300 huku Ayivu, jijini Arua, Uganda. Tunataka kulikata viwanja 12, sita kila upande, na katikati tuache njia ya futi 8. Kaka mkubwa anasema zinatosha, hata lori la matofali litapita. Mimi naogopa moto, maana majirani bado wana nyumba za nyasi. Gari la zimamoto litaingia kweli?

Jibu: Haliingii, dada. Futi 8 ni mita 2.44. Gari kubwa la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5, na hapo vioo vya pembeni hujavihesabu. Hata ungepata dogo likajibanza likapita, mipira ya maji na pampu viko kwenye makabati ya ubavuni. Askari watafunguaje makabati ikiwa ukuta wa jirani umegusa bodi ya gari?

Waingereza wanataka barabara ya zimamoto iwe na mita 3.7 angalau. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani inasema futi 20, yaani mita 6.1. Kwenu nachagua futi 20, na sababu ni maji. Chukua gari lenye tangi la lita 3,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi limekauka ndani ya dakika 6. Mahali pasipo na bomba la zimamoto karibu, lazima bauza, yaani lori la kubeba maji, lije, limimine, lirudi kuchota, lije tena. Kwenye njia nyembamba bauza linakwama nyuma ya gari la kwanza, na la kwanza haliwezi kutoka kwa sababu ya bauza. Nyasi za kiangazi, na upepo ule wa Januari mnaoujua, havisubiri madereva wapatane.

Sasa mwonyeshe kaka hesabu, kwa sababu nadhani hofu yake ni kupoteza kiwanja. Kwa njia ya futi 8, kila kiwanja kina futi 50 kwa 96. Kwa futi 20, kila kimoja kina 50 kwa 90. Viwanja vinabaki 12 vilevile. Kila kimoja kimetoa futi 6, urefu wa kitanda.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni mwisho wa njia. Futi 300 ni kama mita 91, na kwa Waingereza njia isiyopenya ikizidi mita 20 lazima gari lipate pa kugeuzia. Kurudi kinyumenyume mita 91 usiku, kwenye moshi na watu wanaokimbia na magodoro, si jambo la kumtakia dereva. Kwanza kaongeeni na mwenye shamba la nyuma. Naye akikubali kuacha futi 20, njia zenu zitaungana na shida imekwisha. Akikataa, chora T mwishoni: ukanda wa futi 20 kando ya mpaka wa nyuma, uingie futi 50 kila upande. Viwanja viwili vya mwisho vitapungua, kwa hiyo wenye kuvipata wafidiwe mapema, kabla hamjaanza kununiana.

Kisha tokeni nje ya shamba. Kata mti mwembamba wa mita 4, watu wawili waubebe kwa kuukingamisha, watembee kutoka barabara kuu hadi kwenu. Unapogota, gari nalo linasimama. Chini ya matawi ya miembe usimamisheni wima. Chini ya nyaya za umeme msithubutu; hapo pimeni kwa macho, mkiwa mbali. Kwenye kona ongezeni nafasi, kwani magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani. Kalvati nazo mziangalie: gari lililojaa maji huzidi tani 12. Mahali fulani nilikuta nguzo mbili za mkaratusi zimechimbiwa mdomoni mwa njia kuzuia malori ya mchanga. Malori yalizuiwa kweli, na siku ya moto watu walianza kutafuta shoka.

Usiseme ardhi yenu ni ya kimila hivyo haihusiki. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango. Pelekeni mchoro kwa ofisa wa mipango wa jiji kabla mpima hajapanda mawe ya mipaka, na njia ionekane ndani ya ramani kama njia ya wote. Makubaliano ya mdomo mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, hudumu mpaka kiwanja cha kwanza kiuzwe kwa mgeni.

Ile T nayo ilindeni tangu siku ya kwanza. Ni tambarare, ina kivuli cha mpaka, haina mwenyewe: hapo ndipo mtu atakapoomba kuweka kibanda cha chapati, kwa muda tu.